Mwaka Mmoja wa Kujifunza Mwanga wa Kwetu

Mwaka umetimia tangu niliponunua kamera yangu ya kwanza, Canon EOS 600D iliyokwisha kutumiwa na mtu mwingine, pamoja na lenzi moja ya milimita 50. Kazi inayonilisha ni kutunza hesabu za duka la vifaa vya ujenzi jijini Kampala. Kamera huishika jioni, Jumapili na siku za sikukuu, na sehemu kubwa ya picha zangu huzipigia Bombo, nilikozaliwa, ambako bado wanaishi shangazi zangu na nusu ya ukoo wetu wa Kinubi, yaani wazao wa askari waliotoka Sudan. Nimeona vyema niandike niliyojifunza wakati bado yako mbichi kichwani, na kwa kuwa wapo vijana wengi wa Uganda, Kongo na Kenya wanaoanza kama nilivyoanza mimi, nitaeleza kwa kirefu yale ambayo kwangu yamekuwa na faida ya kweli.

Jambo kubwa kuliko yote ni kwamba mwanga wa ikweta una tabia zake, na ngozi zetu nazo zina namna yake ya kuupokea. Anayetaka kupiga picha za watu wa Uganda hana budi kujifunza mambo hayo mawili hapa hapa, kwa macho yake mwenyewe, kwa sababu sehemu kubwa ya masomo tunayoyapata kwenye intaneti yalitungwa na watu wa nchi ambako jua hupita upande, wakiwaandikia watu ambao ngozi zao si kama zetu. Masomo hayo si ya uongo. Nimeyasoma kwa shukrani na bado nayasoma, lakini yanahitaji kupimwa upya kila yanapofika kwetu.

Chukua mfano wa saa. Karibu kila somo humwambia mwanafunzi asubiri saa ya dhahabu, yaani kile kipindi kifupi baada ya jua kuchomoza na kabla halijazama, ambapo mwanga huwa laini na wenye rangi nzito ya manjano. Katika nchi za kaskazini mwa Ulaya, hasa majira ya joto, kipindi hicho huweza kupita saa nzima kwa kuwa jua hushuka kwa mshazari. Hapa kwetu jua hushuka karibu wima, nyuzi 15 kwa kila saa moja, kiasi kwamba tangu likiwa nyuzi sita juu ya upeo wa macho hadi linapozama hupita kama dakika 24 tu, na mwangaza wa machweo unaofuata hudumu dakika 20 na kitu kabla giza halijashika. Ndiyo maana nimejizoeza kufika mahali mapema, kuchagua pa kusimama jua likiwa bado juu, kuzungumza na watu na kuwazoea, ili mwanga huo ukifika usinikute bado nahangaika na lenzi.

Tena kuna suala la utosi. Saa zetu za Afrika Mashariki zinafuata mstari wa longitudo wa nyuzi 45 Mashariki, ambao haupiti Uganda wala Kenya bali unapita Somalia, ilhali Kampala iko karibu na nyuzi 32.6. Kwa hiyo jua letu halifiki utosini saa sita kamili. Linafika karibu na saa saba mchana, likiwahi au kuchelewa kidogo kulingana na mwezi. Hili linabadilisha mipango yote ya siku. Saa mbili asubuhi, wakati wengi wanadhani mwanga mzuri umekwisha, jua bado liko chini na uso wa mtu bado unachukua kivuli cha upole upande mmoja. Lakini saa tisa alasiri, wakati mtu angefikiri jua limeanza kuinama, bado liko juu mno, na linachimba mashimo meusi chini ya nyusi na chini ya pua. Tangu nilipoelewa hesabu hiyo nimekuwa mtu wa asubuhi, na Jumapili naondoka Kampala na takisi ya kwanza kwenda Bombo, mwendo wa kilomita 35 hivi kwa barabara ya Gulu, ili niwe nyumbani kabla ya chai.

Baraza ya shangazi yangu mkubwa ndiyo iliyonifundisha zaidi ya kitabu chochote. Nyumba yake inatazama kaskazini, ina paa la mabati lililotokeza mbele kama hatua mbili, na ua wake ni ardhi nyekundu iliyofagiliwa hata haina jani. Shangazi hushinda hapo akishona makawa, yale ya Kinubi yenye rangi nyingi yanayofunika sinia za chakula, akizungusha ukindu uliotiwa rangi ya zambarau, kijani na chungwa mzunguko juu ya mzunguko, kwa shazia ambayo imelainika kwa kushikwa. Kwa kuwa anakaa mahali pale pale na kufanya kazi ile ile, niliweza kuona kitu ambacho kisingeonekana kama ningekuwa nahamahama: jinsi mwaka unavyopita juu ya nyumba moja.

Mwezi wa Desemba jua la mchana hupita kusini mwa Bombo, nyuma ya nyumba, na baraza yote huwa kivulini kutwa nzima. Mbele kuna anga wazi na ua unaong'aa, kwa hiyo mwanga unaomfikia shangazi unatoka sehemu pana sana, hauna ukali, na unapanda pia kutoka chini, ukiwa umechukua wekundu wa ardhi. Chini ya kidevu chake, mahali ambapo kwa kawaida huwa giza, kuna joto la rangi ambalo sikuliweka mimi. Mwezi Machi, jua linapokaribia kupita juu kabisa ya vichwa vyetu, mpaka kati ya mwanga na kivuli hukaa mchana sawasawa na ukingo wa paa, mkali na ulionyooka, na ua hung'aa mno hata macho yanafumba. Ikifika Juni jua limehamia upande wa kaskazini, na sasa linaingia barazani lenyewe. Asubuhi linafika hadi ukutani, na saa saba mchana bado linakalia sehemu ya mbele ya mkeka. Shangazi, bila kuzungumza habari ya mwanga hata siku moja, huusogeza mkeka wake nyuma kadiri wiki zinavyokwenda, na ifikapo mwisho wa Juni mgongo wake umeegemea mlango. Mimi nilihitaji kamera na karibu mwaka mzima kuona kile ambacho mwili wake unakijua tangu zamani.

Kutoka hapo nikapata kanuni ninayoitumia kila mahali. Ninapofika kwenye nyumba ngeni huuliza kwanza inatazama wapi, kisha hukumbuka tuko mwezi gani. Baraza la kaskazini hunifaa kuanzia Oktoba hadi Februari, la kusini hunifaa kuanzia Aprili hadi Agosti, na katikati ya vipindi hivyo hutafuta mwembe mkubwa au mlango ulio wazi. Mvua nazo zina nafasi yake katika hesabu hii. Januari na Februari, vumbi la barabara na moshi wa mashamba yanayochomwa huifanya hewa iwe nyeupe, na vilima vya mbali hupotea kabisa. Mvua za Machi hadi Mei zikianza, hewa husafishwa kwa siku moja, na ile saa ya kwanza baada ya mvua kukatika, mawingu yakiwa bado yamejaa na majani yakiwa na maji, naipenda kuliko saa ya dhahabu yenyewe.

Jambo la pili ni ngozi, na hapa nitasema kwa uchungu kidogo kwa sababu naliona kama suala la haki. Kamera haijui inatazama nini. Kipima mwanga kilichomo ndani yake kinachukulia kwamba kitu chochote kinachoelekezewa, kikijumlishwa chote pamoja, ni cha rangi ya kijivu cha kati. Mweke mtu mweusi mbele ya anga jeupe, kamera itaona weupe mwingi, itapunguza mwangaza, na uso wake utageuka doa lisilo na macho. Mweke mtu huyo huyo mbele ya ukuta wa giza, kamera itaongeza mwangaza kupita kiasi, na ngozi yake itatoka ya majivu. Siku ya Idd, wanaume wakiwa wamepanga safu katika kanzu nyeupe, hesabu huvurugika zaidi, kwa maana kanzu zinaivuta kamera upande mmoja na nyuso zinahitaji upande mwingine.

Historia ya jambo hili ni ndefu kuliko kamera yangu. Kuanzia miaka ya 1950, kampuni ya Kodak ilikuwa ikisambaza kwenye maabara za kusafishia picha kadi za mfano, zilizojulikana kwa jina la Shirley, zenye picha ya mwanamke mzungu, na mafundi walisawazisha rangi za picha za dunia nzima kwa kufuata ngozi ya mwanamke huyo. Watafiti waliochunguza historia hiyo wameeleza kwamba malalamiko yaliyoisukuma kampuni kuboresha namna filamu inavyopokea rangi za kahawia yalitoka pia kwa watengenezaji wa chokoleti na wauza samani za mbao, ambao hawakuridhika na jinsi bidhaa zao zilivyoonekana. Nilipoyasoma hayo nilizifikiria picha za rangi zilizomo kwenye albamu ya familia yetu, za arusi na za khitima, ambamo sare za kijeshi na nguo za kina mama zinaonekana hadi mshono, na nyuso za wazee wetu zimezama. Nilikuwa nimekua nikidhani hivyo ndivyo picha za zamani zilivyo.

Dawa yake, kwa upande wa ufundi, si ngumu. Siku hizi naweka kamera ipime kwa doa, yaani isome sehemu ndogo tu ya katikati, nailenga kwenye shavu la mtu, kisha napunguza kati ya theluthi mbili ya hatua (kipimo cha mwanga ambacho wapiga picha hukiita stop) na hatua nzima kutoka kwa kile inachopendekeza, kwa sababu ngozi nyeusi kweli ni nyeusi kuliko kijivu cha kati na sitaki ipauke. Nahifadhi faili ghafi badala ya jpeg, kwa kuwa katika kamera hii faili ghafi hubeba viwango 16,384 vya mwanga kwa kila rangi ilhali jpeg hubeba 256, na tofauti hiyo inaonekana hasa kwenye vivuli, ambamo ndimo ngozi zetu zinamokaa. Lakini kilichonisaidia zaidi ya hesabu ni kujifunza kutazama mng'ao. Ngozi nyeupe huonyesha umbo la uso kwa vivuli vyake. Ngozi nyeusi huonyesha umbo kwa jinsi inavyoakisi. Ukitazama kwa makini utaona mstari wa mwanga kwenye paji la uso, mwingine juu ya mfupa wa shavu, mwingine kwenye ukingo wa pua, na mistari hiyo ndiyo inayouchora uso. Chanzo cha mwanga kikiwa kidogo na kikali, mistari hugeuka madoa ya jasho. Kikiwa kipana, kama mlango ulio wazi au shuka jeupe lililoanikwa kwenye kamba, hutandaa polepole na uso hupata kina chake chote.

Picha niliyompiga shangazi mwezi wa Desemba nilimpelekea ikiwa imechapishwa kwa ukubwa wa karatasi ya daftari. Aliishika mbali, kwa kuwa macho yake siku hizi yanaona vizuri vya mbali, akaitazama kwa muda, kisha akaiweka juu ya mkono wake mwenyewe, pale kwenye kiwiko, akalinganisha.

"Hii ndiyo rangi yangu," alisema. "Za yule wa studio alinifanya kama mtu mgonjwa."

Nikamwuliza, "Umeipenda, shangazi?"

"Mwanangu, kupenda ni baadaye. Kwanza ni mimi."

Nimeyafikiria maneno hayo mara nyingi, kwa sababu jijini Kampala mtu akienda kupiga picha ya pasipoti au ya mahafali, mara nyingi hurudishiwa uso uliopaushwa na kulainishwa hata matundu ya ngozi hayapo, na simu nyingi nazo zinafanya hivyo zenyewe bila kuulizwa. Wapo wanaosema wateja ndio wanaotaka. Pengine ni kweli kwa baadhi, nami siwezi kumwamulia mtu jinsi anavyotaka kuonekana. Ila naamini kwamba mteja asiyewahi kuonyeshwa uso wake ulivyo, ukiwa umeangaziwa vizuri, hajapewa nafasi ya kuchagua. Kwa hiyo sipaushi. Mtu akiomba nimwondolee kipele kilichotoka wiki hii nitamwondolea, kwa kuwa kipele kinapita. Chale, makovu na mikunjo ya umri naiacha.

Kuhusu vifaa sina mengi. Kamera niliyonayo ilitoka kiwandani mwaka 2011, ina megapikseli 18, na mpaka sasa sijakutana na uso ulioishinda. Lenzi ya milimita 50 kwenye kamera ya aina hii huona finyu kidogo, kama vile ingekuwa ya milimita 80 kwenye kamera yenye kihisi kikubwa (full frame), nayo inanilazimisha nisimame hatua tatu au nne kutoka kwa mtu, umbali ambao unafaa kabisa kwa mazungumzo. Nimekwenda pia Mabamba, kwenye vinamasi vya Ziwa Viktoria, kumwona yule ndege mkubwa wa kijivu mwenye mdomo wa kiatu ambaye Waganda humwita bbulwe, na nilifurahi kumwona, lakini picha za ndege zinahitaji lenzi ndefu na moyo wa aina nyingine, nimewaachia wenyewe.

Kisha kuna watu wasiokujua. Kwa jamaa yangu wa Bombo kamera ni jambo la nyumbani, lakini karibu na kazini kwangu, upande wa Kisenyi, mtu akiinua kamera barabarani watu wana haki ya kuuliza. Nilitamani sana kuwapiga picha vijana wa steji moja ya boda boda ninayopita kila siku, hasa saa mbili asubuhi wanapokuwa wamepumzika juu ya pikipiki zao baada ya kupeleka watu kazini, jua likiwapiga ubavuni. Sikuitoa kamera. Nilianza kwa kupanda nao, kisha kwa kuwasalimu, kisha nikamwendea mwenyekiti wa steji, mtu mzima mwenye sauti ya upole aliyewahi kufanya kazi mpakani Malaba na anayezungumza Kiswahili kilichonyooka.

"Picha ni za nini, ndugu yangu?" aliuliza.

"Ni za kujifunza, mzee. Siuzi. Kila mmoja nitampa yake."

"Wengi wamesema watatupa. Hakuna aliyerudi."

Nikamwomba nianze na mtu mmoja, nirudi na picha yake, na ikiwa sitarudi basi wasiniruhusu tena. Akamteua kijana mmoja mfupi mwenye jaketi la njano, na kwa muda wa wiki iliyofuata kazi yangu yote ilikuwa picha hiyo moja. Utepe wa jaketi unaoakisi mwanga ulikuwa unameza picha nzima, na kofia ilikuwa inatia kivuli machoni, hivyo nikamwomba aiweke kofia juu ya tangi la mafuta na ageuke kidogo kuitazama barabara. Nilipoirudisha ikiwa imechapishwa, ilizunguka mikononi mwa steji nzima kabla ya kumfikia mwenyewe. Sasa picha za karibu wote zimebandikwa ndani ya kibanda chao, chini ya kioo, na madereva wapya wanaojiunga huniuliza wao watapigwa lini.

Uganda ina Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019, na ni vyema kila mwenye kamera aisome, maana sura ya mtu ni habari yake. Zaidi ya sheria kuna busara ya mahali. Bombo ni mji wa kambi ya jeshi. Sisi tuliokulia pale tunajua tangu utotoni upande ambao mtu haelekezi hata kidole, sembuse lenzi. Nikiwa barazani kwa shangazi hupanga pembe zangu kwa kulijua hilo, na mtu akinijia na maswali, hasa afande, humwonyesha picha zote nilizopiga siku hiyo kabla hajaniomba.

Katikati ya mwaka nilijishughulisha na kusoma habari za picha za zamani za nchi yetu, na moja imenikaa sana. Mwaka 2015, katika ofisi za Shirika la Utangazaji la Uganda, yaligunduliwa makasha yenye negativu zipatazo 70,000, zikiwa ndani ya bahasha zilizoandikwa tarehe na mada, kazi ya wapiga picha wa serikali ambao wengi wao walifanya kazi wakati wa utawala wa Idi Amin, kati ya mwaka 1971 na 1979. Sehemu yake ilionyeshwa kwenye Jumba la Makumbusho la Uganda, Kampala, mwaka 2019. Sisi Wanubi tuna sababu zetu za kuzitazama picha za miaka hiyo kwa moyo mzito, kwa sababu kilichofuata baada ya 1979 kiliwafukuza wengi wetu Bombo na kuwapeleka ukimbizini. Picha hizo zimejaa sherehe, mikutano, wageni na makofi. Waliouawa hawamo. Mpiga picha alitumwa mahali fulani, akapiga alichotumwa kupiga, na kile ambacho hakuna aliyemtuma kukipiga kimebaki kwenye kumbukumbu za waliofiwa.

Nikajifunza mambo mawili kutoka kwa makasha hayo. La kwanza ni thamani ya ile bahasha iliyoandikwa: bila tarehe na mada, negativu hizo zingekuwa nyuso tu. Tangu hapo nina daftari la karatasi ngumu ambamo kila picha ninayoihifadhi ina jina la mtu kama anavyotaka liandikwe, mahali, siku, saa, alichokuwa akifanya, na upande mwanga ulikotoka. La pili ni kwamba hakuna mtu aliyetumwa kumpiga picha mwanamke anayeshona kawa, wala dereva anayepumzika juu ya pikipiki yake saa mbili asubuhi, na kwa kuwa mimi situmwi na mtu, hiyo ndiyo kazi niliyonayo. Mafundi wa makawa waliobaki Bombo wanaojua mishono yote ya zamani ni wazee. Shangazi anajua majina ya mapambo ambayo mabinti zake hawayajui, na nimeanza kuyapiga picha moja baada ya jingine, kawa likiwa limelazwa juu ya mkeka kivulini, kisha mkono wake ukionyesha mshono unapoanzia, kisha jina likiandikwa daftarini kwa matamshi yake.

Kuchapisha nako kumenibadilisha. Picha iliyoko kwenye simu hupitishwa kwa kidole. Iliyochapishwa hukaa, huangaliwa na wageni, hubishaniwa. Nimepata fundi mmoja jijini mwenye mashine nzuri na subira, ambaye amekubali kuzima ule usawazishaji wa mashine unaoongeza weupe wenyewe, na kila ninapompelekea kazi tunasimama pamoja mlangoni pake, kwenye mwanga wa nje, tukilinganisha karatasi na skrini. Nalipia picha hizo kutoka kwenye mshahara wangu, na kila mwezi nachagua chache tu. Uchaguzi huo umenifundisha kutazama kazi yangu kwa jicho la mtu mwingine kuliko zoezi lolote, kwa kuwa najua kila karatasi itaishia mikononi mwa mtu atakayeuliza kama huyo ndiye yeye.

Kwa mwaka unaoanza nataka kujifunza mwanga wa usiku. Arusi zetu nyingi huendelea hadi usiku wa manane chini ya taa zilizochanganyika, tyubu za buluu upande mmoja na balbu za manjano upande mwingine, na uso mmoja hubeba rangi mbili. Kuna mengi ya kutatua hapo. Zaidi ya hayo nimeomba ruhusa kwa mwenye mtumbwi mmoja wa Ggaba, ufukweni mwa Ziwa Viktoria, anayevua mukene, yaani dagaa wa ziwa hilo, na amenikubalia kwa masharti kwamba nivae jaketi la kuokolea maisha na nisiwashe flashi hata mara moja, kwa kuwa samaki hao hufuata taa za wavuvi na ndiyo sababu wavuvi hutoka siku za giza, mwezi ukiwa haupo. Tripodi haina kazi ndani ya mtumbwi unaoyumba. Itanibidi nitegemee tundu la lenzi lililofunguliwa wazi hadi f/1.8, wepesi wa kamera kuhisi mwanga ulioongezwa hadi ISO 3200, na taa za wavuvi wenyewe, na hesabu hiyo nimeanza kuifanyia mazoezi jioni umeme unapokatika mtaani kwetu, kwa taa ya sola na uso wa mdogo wangu, ambaye amekubali kukaa mbele ya lenzi kwa sharti la kwamba picha ya kwanza itakayokubalika itachapishwa kubwa kuliko ya shangazi.